Nimelipia Melbourne, nimeshushwa uwanja mwingine, AVV! Mawakala wa tiketi mtatuua na presha

Wakuu, habari za muda huu. Huku ni saa tisa usiku, Bongo ndiyo kwanza saa mbili. Usingizi umegoma na hasira bado ninayo, kwa hiyo mtanivumilia.

Ni mara yangu ya kwanza kukanyaga Australia. Nimekuja kumsalimia dada yangu, anaishi Craigieburn, kaskazini mwa Melbourne. Tiketi nilikatiwa na wakala mmoja pale Posta, jina nalihifadhi kwa sasa. Nilimwambia kwa mdomo, nikamrudia kwa meseji: mwenyeji wangu anakaa karibu na uwanja wa ndege wa Tullamarine, nitafutie ndege ya kutua hapo. Akajibu, "Boss, ondoa shaka."

Dar, Doha, Sydney, safi kabisa. Hata wale wa ukaguzi wa vyakula Sydney sina neno nao. Niliandika kwenye fomu kila nilichobeba, wakazichukua mbegu za mchicha alizoagiza dada, korosho za kukaanga wakaniachia, faini hakuna. Ukificha ndiyo utajuta.

Balaa likaanzia hapo hapo Sydney. Kumbe kipande cha mwisho, Sydney–Melbourne, wakala amekikata kama tiketi ya peke yake, shirika la bei rahisi, mzigo ni kilo 7 za mkononi basi. Mimi nimetoka Dar na begi la kilo 28 na boksi la salotepu! Na ndege za ndani ziko upande mwingine wa uwanja, huendi kwa miguu, lazima basi au treni. Nimefika kaunta natweta, binti ananigeuzia kioo nione: dola 110 za kwao. Nikatoa kadi, ningefanyaje?

Sasa sikieni. Tunashuka, nachungulia dirishani nilione jiji. Jiji liko wapi? Nyasi, uzio, na vilima viwili vitatu kwa mbali. Jengo lenyewe dogo, dakika kumi abiria wote wameshatawanyika. Julai huku ni kipupwe, na mimi nimevaa kijaketi cha kuendea Lushoto. Nikampigia dada.

"Uko wapi? Nimesimama hapa kwenye ubao, ndege yako siioni."

"Nimeshatoka, niko nje. Hapa wameandika Avalon."

Kimya. Halafu nikasikia, "Mungu wangu. Huko ni Geelong huko!"

Wakuu, Melbourne inatumia viwanja viwili. MEL ndiyo Tullamarine, kilomita ishirini na kitu kutoka katikati ya jiji. AVV ni Avalon, kama kilomita 50 kusini magharibi, ukielekea Geelong. Dada yuko kaskazini, mimi nimetupwa upande wa pili kabisa. Treni hakuna, na Tullamarine yenyewe na ukubwa wake wote haina treni mpaka leo. Akaniambia nisiondoke, akazunguka jiji zima jioni ile ya foleni, na alitakiwa kuingia zamu ya usiku. Nimekaa juu ya boksi langu karibu saa mbili nzima, mlinzi akawa ananiangalia kwa huruma, akaniletea chai. Dada alipofika hata kunikumbatia alisahau, alianza na "nani kakukatia hiyo tiketi?"

Nimemtumia wakala ujumbe. Jibu lake hili hapa kama lilivyo: "Boss Avalon nayo ni Melbourne, soma tiketi." Akaweka na kidole gumba.

Najua kuna watu hapa watakuja na "ungesoma". Nilisoma! Imeandikwa Melbourne, halafu pembeni herufi tatu, AVV. Mtu ambaye hajawahi kufika atajuaje? Ndiyo maana nikamlipa yeye, na hela ya huduma alichukua. Kama anaijua tofauti, amenificha. Kama haijui, anauzaje tiketi?

Nataka anirudishie ile 110, zaidi sitaki. Ila kuna jambo limenishtua usiku huu, ndilo lililoniondoa kitandani: nimefungua tiketi ya kurudi. AVV tena, saa kumi na mbili asubuhi, kilo 7.

Kuna mdau aliyewahi kubadilisha kipande cha ndani peke yake bila kuharibu tiketi ya Sydney–Dar? Nimebakiza siku 11.