Mjadala: Kipimo cha mkononi kitoshe kuzuia dawa, au tusubiri maabara?

Mtoa mada
Wakuu, siku hizi mkaguzi anaweza kuingia duka la dawa na kifaa cha kushika mkononi, akaelekeza leza kwenye kidonge kikiwa bado ndani ya plastiki yake, na muda si mrefu kioo kikaandika "imepita" au "haijapita". Vingi hutumia mtawanyiko wa Raman: mwanga ukigonga molekuli, sehemu ndogo sana hurudi ikiwa imebadilika rangi, na mabadiliko hayo hutofautiana dutu kwa dutu. Mwanafizikia wa India C. V. Raman aliligundua hilo mwaka 1928. Shirika la Afya Duniani nalo lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, takriban bidhaa 1 kati ya 10 za tiba ni duni au bandia.

Je, jibu la kifaa hiki peke yake litoshe kumzuilia mtu dawa zake? Nasema litoshe kuzizuia zisiuzwe. Lisitoshe kuziteketeza, wala kuziidhinisha.

Mwenye duka la dawa
Rahisi kusema kama duka si lako. Kifaa hicho hakijui dawa nzuri wala mbaya, kinalinganisha tu na rekodi zilizomo ndani yake. Nikiuza dawa halali ya kiwanda kingine, kiambato kilekile ila vijazio tofauti (vitu visivyo dawa vinavyojaza kidonge), inaweza kukataliwa. Rangi ya ganda la kidonge nayo ikiwaka chini ya leza, kipimo kinavurugika. Maabara itakuja kunisafisha baadaye, lakini wateja walishaona boksi zikipakiwa kwenye gari. Nani ananilipa?

Mkemia
Hoja ya rekodi ni ya kweli kabisa. Mimi lakini hiyo "imepita" ndiyo inayonitisha. Kidonge cha levothairoksini, dawa ya tezi, cha maikrogramu 50 karibu chote ni kijazio, na leza inaona kijazio. Ukiondoa dawa yote, kifaa kinaweza kukipitisha vilevile.

Sharubati, yaani dawa za maji, ni hatari zaidi. Mwaka 1937 nchini Marekani dawa ya bakteria iitwayo salfanilamidi ilitengenezwa kwa dietilini glaikoli, kemikali yenye sumu, kama kiyeyushi, ikaua watu zaidi ya 100. Sumu ilikuwa sehemu kubwa ya chupa, kwa hiyo kifaa cha leo kingeweza kuiona. Lakini kiwango cha juu cha sumu hiyo kinachovumiliwa sasa kwenye gliserini, kimiminika kinachotumika kutengeneza sharubati, ni asilimia 0.10, na Raman ya mkononi kwa kawaida haishuki hadi hapo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu sharubati za watoto zilizokutwa Gambia zikiwa na dietilini glaikoli na ethilini glaikoli. Sumu za namna hiyo zinatafutwa kwa kromatografia, njia ya maabara ya kutenganisha vilivyochanganyika, tena na mtu anayejua anachokitafuta.

Mgonjwa wa kisukari
Mbona sisi hatusubiri maabara? Najitoboa kidole, nasoma namba, najidunga insulini. Elektrodi ya kimeng'enya, chanzo cha vipimo hivi vya sukari, ilianza na Clark na Lyons mwaka 1962, na leo mamilioni wanaishi kwa namba hizo. Kiwango cha 2013 cha ISO, shirika la kimataifa la viwango, kinataka asilimia 95 ya majibu yasipishane na maabara kwa zaidi ya asilimia 15, sukari ikiwa miligramu 100 kwa desilita au zaidi. Tumekubali kasoro hiyo kwa sababu kusubiri kunaua.

Mkemia
Ndugu, mfano wako ni mzuri, ila una upande wa pili. Mwaka 2009 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya kuhusu stripu (vipande vya kupimia sukari ya damu) zilizotumia kimeng'enya kisichotofautisha maltozi, sukari ya aina nyingine, na glukosi. Wagonjwa waliokuwa wakipewa maji ya kusafisha damu yenye aikodekstrini, ambayo mwilini hugeuka maltozi, walisomeka wana sukari nyingi. Wakadungwa insulini wasiyoihitaji. Vifo 13 vilivyohusishwa na stripu hizo viliripotiwa. Kifaa kilikuwa kizima, ila damu ilikuwa na kitu ambacho stripu haikuandaliwa kukikuta. Bidhaa bandia ni hivyohivyo: mghushi hana wajibu wa kufuata rekodi zako.

Mkaguzi
Tunaobeba vifaa hivi tunajua mipaka yake. Sichukui kifaa ili nihukumu, nakichukua kwa sababu maabara haiwezi kupima kila boksi, nami lazima nichague lipi liende. Bila kifaa ningechagua kwa macho, na nembo za kughushi siku hizi zinapendeza kuliko za asili. Nakubaliana na mtoa mada: zuia, chukua sampuli, peleka. Neno "imepita" ningelifuta kabisa kwenye kioo, liandikwe "hakuna tofauti iliyoonekana".

Mwenye duka la dawa
Hilo la maneno naliunga mkono. Basi wekeni na ukomo wa siku kwenye sheria: maabara isipojibu, dawa zirudi rafu.

Mtoa mada
Ukomo sawa, lakini zisirudi rafu zenyewe. Maabara ikichelewa, serikali ilipe thamani ya mzigo na iendelee kuushikilia. Anayeona gharama hiyo ni kubwa mno, aseme nani aibebe: mwenye duka, au anayekunywa?