Gereji imeinua pikapu yangu, matairi yanakwaruza, halafu naambiwa "ni kawaida"

Ndugu wanajamvi,

Ninaandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Nilipeleka pikapu yangu kwenye gereji inayojinadi kuwa ya mabingwa wa kuinua magari, nikaomba iinuliwe inchi 2 na ifungwe matairi makubwa zaidi, nikalipa kila nilichotajiwa. Ilirudi ikiwa imependeza kweli. Lakini nikikunja usukani hadi mwisho, hasa ninaporudi nyuma, matairi ya mbele yanakwaruza kiasi kwamba wapita njia wanageuka kutazama, na nikitumbukia kwenye shimo hata kwa mwendo mdogo nasikia mpira ukigonga plastiki ya ndani ya fenda. Niliporudi kulalamika nikaambiwa kwamba gari lililoinuliwa lazima liguse, kwamba tairi "litajitengenezea nafasi lenyewe". Nilipokataa jibu hilo, wakanishauri niongeze inchi nyingine 2, kwa malipo mapya bila shaka.

Ushauri huo ndio ulionichefua kuliko kelele zenyewe. Kuweka spesa (kipande cha kuongeza nafasi) juu ya shokapu, kama walivyofanya, kunabadilisha kimo cha gari likiwa limesimama, basi. Hakubadilishi mahali ambapo gurudumu linafika springi inapobonyea hadi mwisho, kwa sababu kikomo hicho kinawekwa na ile raba ya kuzuia iliyofungwa kwenye fremu, na raba hiyo hawakuigusa. Gurudumu likipanda linafika pale pale lilipokuwa likifika zamani, ila sasa limevaa tairi kubwa zaidi. Tairi la awali lilikuwa 265/65R17 (yaani upana wa milimita 265, ubavu wenye kimo cha asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 17), lenye kipenyo cha takriban milimita 776. Waliloweka ni 285/70R17, takriban milimita 831. Maana yake ni kwamba kutoka katikati ya gurudumu tairi limeongezeka milimita 27 hivi kila upande: juu kuelekea fenda, mbele kuelekea bampa, nyuma kuelekea ukingo wa bodi. Hesabu hiyo inafanyika kwa kalamu na karatasi kabla ya boliti yoyote kulegezwa. Inakuwaje mtu anayejiita bingwa asiifanye?

Wakabadilisha na rimu pia, bila kunieleza athari yake. Rimu za awali zilikuwa na ofseti (umbali wa milimita kati ya mstari wa katikati wa rimu na uso wake unaofungwa kwenye gari) ya +30, hizi mpya zina ofseti ya 0, kwa hiyo gurudumu zima limesogea nje milimita 30. Ukiongeza milimita 10 zinazotokana na upana wa tairi, ukingo wa nje umetoka sentimita 4 nzima. Tairi lililo mbali na mhimili wake wa kugeukia huchora tao kubwa zaidi usukani unapokunjwa, na tao hilo ndilo linalokwenda kukutana na bampa upande mmoja na sehemu ya nyuma ya fenda upande mwingine. Mmoja wa mafundi, nikiwa nimesimama pale pale, alipendekeza tuweke spesa kwenye habu (kitovu cha gurudumu) ili kulitoa tairi nje zaidi. Nilidhani anatania.

Nimeingia chini ya gari mwenyewe na tochi, baada ya kupaka chaki kwenye plastiki na kuzunguka taratibu. Upande wa kushoto, nyuma ya tairi, chaki imefutika kwa mkanda mpana kama kiganja, plastiki imelainika hadi inang'aa, na klipu moja imeng'oka. Nyuma ya plastiki hiyo, pale mabati mawili ya bodi yanapounganishwa, rangi imekwisha na chuma kiko wazi kikisubiri kutu. Waya wa sensa ya mwendo wa gurudumu unapita karibu sana na plastiki hiyo iliyolegea. Ndani, kwenye amu ya juu (mkono wa chuma unaoshikilia gurudumu), vumbi la zamani limetulia bila mchubuko wowote, na hilo pekee linatosha kuonyesha kwamba tatizo liko upande wa nje, si wa ndani.

Nilipowaonyesha, walipandisha gari kwenye lifti, wakakunja usukani kushoto na kulia, wakatangaza kwamba haligusi. Magurudumu yalikuwa yananing'inia! Huo ndio mkao ambao tairi liko mbali kabisa na fenda. Kipimo cha kweli ni kupandisha gurudumu moja la mbele juu ya kitu imara huku usukani ukikunjwa hatua kwa hatua, au kutoa springi na kulisukuma gurudumu kwa jeki hadi kwenye kikomo chake, kisha kuangalia linagusa wapi. Sikuona dalili kwamba kazi hiyo iliwahi kufanywa.

Alaimenti, yaani ulinganifu wa pembe za magurudumu, nayo haikupimwa, ingawa kuinua gari kunabadilisha pembe za magurudumu ya mbele, na usukani wangu umekaa upande hata barabara ikiwa imenyooka. Wala hakuna aliyenitajia kwamba kwa matairi haya, kipima mwendo kikisoma 100 gari linakwenda karibu 107. Nyuma ni shwari, lakini bado sijapakia mzigo wa maana.

Ninachodai ni hiki: rimu zenye ofseti inayokaribia ile ya awali, alaimenti yenye karatasi ya vipimo, ambapo amu za chini zitasogezwa mbele kadiri boliti zinavyoruhusu ili tairi liondoke kwenye ukingo wa nyuma, raba ndefu zaidi za kuzuia, na kile chuma kilichochubuka kipakwe rangi ya kuzuia kutu. Wakishindwa, waniwekee 265/70R17, ambalo lina takriban milimita 803, na wanirudishie tofauti ya bei. Wao wanasema dhamana yao inaishia getini.

Kwa waliokwisha kufunga 285/70R17 kwenye rimu zenye ofseti ya +30 au karibu na hapo: je, baada ya kusogeza amu za chini mlilazimika bado kukata plastiki au kukunja ukingo wa bati? Nataka kujua hilo kabla sijawaandikia barua rasmi, maana tayari wamenipigia simu wakitaka nilete gari "wapunguze fenda kidogo", na mtu ambaye hajapima simkabidhi msumeno.