Windows 10 ya biti 32 na programu ya FoxPro ya DOS: nihamie Windows 11?

mtunza_stoo:
Wakuu habari zenu. Kompyuta ya stoo yetu ya vifaa vya ujenzi ni Core i5-4570, RAM GB 4, Windows 10 Pro 22H2 ya biti 32. Inaendesha programu ya stoo iliyoandikwa kwa FoxPro 2.6 (lugha ya zamani ya hifadhidata) ya DOS, mfumo uliotangulia Windows. Aliyeiandika hapatikani na msimbo wake hatuna. Data ziko C:\STOO (mafaili ya DBF yenye rekodi, FPT yenye maelezo marefu yaani memo, na CDX yenye faharasa), na kompyuta nyingine mbili zinafungua data hizo hizo kwa mtandao wa ndani. Risiti zinatoka kwenye Epson LX-310 kwa waya wa paraleli. Sasa kila mara unatokea ujumbe kwamba muda wa Windows 10 kupewa masasisho umeisha. Nipandishe au nibaki?

biti16:
Mkuu, mashine hiyo usiiguse kwanza. Programu za DOS kwenye Windows huendeshwa na kijenzi kiitwacho NTVDM, nacho kipo kwenye Windows za biti 32 tu. Windows 11 haina toleo la biti 32 kabisa. Ukihamia, ukibofya programu yako utaambiwa "This app can't run on your PC", na kuchezea mipangilio ya "Compatibility" hakutasaidia, maana kinachokosekana ni kijenzi chenyewe.

Pia hakuna njia ya kutoka biti 32 kwenda biti 64 huku programu zikibaki. Ni kufuta diski na kusimika upya. Ile nafasi ya siku 10 ya kurudi toleo la zamani haitakuwepo. Halafu i5-4570 ni kizazi cha 4, wakati kwa prosesa za Intel Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Kuna mbinu za kuruka ukaguzi huo, lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine iliyosimikwa hivyo, na masasisho ndiyo unayoyatafuta.

Kama stoo ina programu nyingine za zamani, zipime moja moja. Fungua EXE kwa Notepad (usihifadhi chochote!), tafuta mistari ya juu. Ukiona PE ikifuatwa na L, ni ya biti 32 na mara nyingi itafanya kazi Windows 11. NE ni ya Windows ya biti 16. Ukiona MZ mwanzoni lakini huoni PE wala NE, kwa kawaida ni ya DOS. Angalia na kisimikaji chake: zipo programu za biti 32 ambazo SETUP yake ni ya biti 16, hivyo programu ingekubali lakini kusimika kunagoma.

dbf_na_cdx:
Naunga mkono, ila asikae hapo milele. Chukua kompyuta nyingine yenye Windows 11, weka DOSBox-X (programu inayoiga kompyuta ya DOS), kisha jaribu kwa NAKALA ya folda ya STOO. Nakili folda nzima. DBF yenye sehemu za memo ikikosa FPT yake haifunguki.

Hapa ndipo wengi huharibu data: DOSBox ya kawaida imetengenezwa kwa ajili ya michezo, haifungi rekodi vizuri watu wawili wakiandika kwa pamoja. CDX inavurugika, na salio la stoo linaanza kutoka la uongo bila onyo lolote. Kwenye DOSBox-X, sehemu ya [dos], weka:

share = true
file access tries = 3

Kisha fungua rekodi moja kutoka kompyuta mbili. Ya pili lazima izuiwe. Isipozuiwa, usihamishe.

Ukipata "Divide error" wakati wa kuwasha, FoxPro ya zamani inashindwa na kasi ya prosesa. Kwenye [cpu] weka cycles = fixed 20000, halafu panda taratibu.

mtunza_stoo:
Asanteni sana. Na printa je? Kompyuta mpya haina tundu la paraleli.

dbf_na_cdx:
LX-310 ina USB pia, tumia hiyo. Isimike kwa draiva ya "Generic / Text Only" ili alama za ESC/P (amri za printa za Epson) zipite bila kubadilishwa, ishirikishe kwa jina LX310, kisha kwenye CMD:

net use LPT1: \\localhost\LX310 /persistent:yes

Halafu elekeza [parallel] ya DOSBox-X kwenye LPT1. Usitumie printa pepe iliyo ndani ya DOSBox-X kwa risiti za nakala. Inachora ukurasa kama picha na LX-310 itachukua muda mrefu kwa karatasi moja.

biti16:
Wakati unajaribu, mashine ya sasa iondoe kwenye intaneti, ibaki na mtandao wa ndani tu. Kama lazima iguse intaneti, lipia ESU (masasisho ya usalama ya ziada ya Microsoft): kwa biashara ni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, unaofika 13 Oktoba 2026, na bei huongezeka maradufu kila mwaka hadi miaka 3.

Kabla ya yote, chukua nakala kamili ya diski nzima kwa programu ya Disk2vhd, uihifadhi kwenye diski ya nje kama faili la VHD. Ondoa tiki ya "Use Vhdx". DOSBox-X ikishindwa, VHD hiyo unaweza kuiwasha ndani ya VirtualBox, programu inayoendesha kompyuta pepe. Ikileta skrini ya bluu yenye 0x0000007B, badilisha kidhibiti cha diski kati ya IDE na SATA.