Twita ya bandia kwenye ampli ya besi: wauzaji wa Lubumbashi, mnatuona wajinga?

Bandugu, leo nina hasira na sizunguki. Duka moja hapa mjini, jina nalihifadhi, limeniuzia kombo ndogo ya gitaa la besi (ampli na spika ndani ya sanduku moja): wati 25, spika ya inchi 8. Kwenye wavu wa mbele kuna miduara miwili, mkubwa na mdogo, na ule mdogo unafanana na twita, kile kispika cha sauti za juu. Nikamuuliza muuzaji, "Papa, hii ndogo ni twita?" Akanijibu bila kupepesa macho: "Ndiyo mdogo wangu, hii inatoa sauti yote."

Sauti yote ipi? Kwenye korali besi inasikika kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Tukiingia sebene, ile sehemu ya wimbo ya kuchezea, pale ambapo kila noti inatakiwa idonoe, kinachotoka ni mngurumo mmoja mrefu. Nikachukua bisibisi, nikatoa wavu. Ule mduara mdogo ni kipande cha plastiki nyeusi kilichobandikwa kwa gundi juu ya ubao. Waya hakuna. Hata tundu la kupitisha waya hakuna! Nikarudi nacho dukani nikaambiwa ukishafungua, garanti imekufa. Yaani wizi umehalalishwa kwa sababu nimeuona.

Halafu yuko mtu wetu wa sono (mitambo ya sauti) kanisani. Yeye ana msemo wake: "Besi si ya kusikika, ni ya kuhisi." Ahisi nini? Uzi mnene wa E ukiachwa wazi unatoa hezi 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), na kispika cha inchi 8 hakiwezi kuzisukuma hizo ipasavyo. Kinacholifanya sikio lijue ni noti gani imepigwa ni zile sauti za juu yake pamoja na mdono wa kidole. Ukiziua hizo kwenye ampli ndogo, hubaki na chochote. Naye kila Jumapili anazungusha kitufe cha besi hadi mwisho! Kuongeza desibeli 10 kunataka nguvu mara 10. Wati 25 zangu ziwe 250, zitoke wapi? Ampli inakabwa, inakoroma, na lawama napewa mimi. Hii ndiyo Katanga ya Mwenda Jean Bosco, aliyepiga gitaa kavu, lisilo la umeme, na kila uzi ukasikika.

Najua atatokea mtu kusema ile ampli ya besi Ampeg SVT ya 1969 haikuwa na twita na sauti yake ilitoka wazi. Kweli. Ilikuwa na wati 300 na ukuta wa spika za inchi 10. Tusilinganishe.

Kilichosaidia kidogo: nimeshusha besi na zile sauti za kati za chini, ndizo zinazoleta tope. Kitufe cha toni kwenye gitaa nakifungua chote, maana gitaa langu halina betri na kile kitufe kazi yake ni kukata sauti za juu tu. Kebo ndefu nimeiacha, inakula sauti za juu. Ampli nimeitoa pembeni mwa ukuta, nikaiwekea tofali chini kwa mbele ili itazame kichwa changu. Sauti za juu huenda moja kwa moja mbele ya spika. Kabla ya hapo zilikuwa zinaishia kwenye miguu yangu.

Kilichobaki ni nyuzi, na hapo tena hasira. Sokoni wanakupa nyuzi "mpya" zilizoanza kutu ndani ya pakiti. Nilizichemsha zile zangu za zamani kwenye sufuria ya mama (kelele zake majirani walizisikia), nikazikausha vizuri, zikarudi uhai siku chache tu, basi. Nataka za chuma cha pua, zilizozungushiwa waya wa duara, maana hizo ndizo kali kuliko za nikeli. Nani anaziuza hapa Lubumbashi, seti nzima, siyo uzi mmoja mmoja?

Na mafundi: nataka kutoboa pale penye plastiki niweke twita ya kweli, ya piezo (aina isiyo na koili wala sumaku). Haili nguvu nyingi, unaiunga sambamba na waya za spika. Aliyewahi kufanya hivyo aniambie aliweka rezista ya omu ngapi, na kama ule mlio wa "ssss" ulimsumbua akiwa hapigi.

Wale wa "nunua ampli kubwa" leteni makuta kwanza, ndipo mshauri.