Binti ana pumu na tuna paka nyumbani: je, paka aondoke?

Mama Rehema (Tanga):
Ndugu zangu, naomba ushauri. Binti yangu ana miaka 9 na ana pumu tangu utotoni. Siku hizi huamka akipiga chafya mfululizo, macho yamevimba na yanamwasha, na usiku mwingine kifua chake hutoa sauti ya mluzi. Majirani wanasema ni manyoya ya paka, hivyo tumnyoe au tukamtupe sokoni. Mama mkwe, ambaye ndiye aliyemlea paka huyo, hataki kusikia habari hiyo, na hutukumbusha kwamba Mtume alisema paka si najisi bali ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Binti naye hulia kila jambo hilo likitajwa. Je, inawezekana kuishi na paka bila kuhatarisha afya ya mtoto?

Mfamasia (Morogoro):
Mama Rehema, pole kwa kuuguza. Kumnyoa paka hakutasaidia, kwa sababu kinachosababisha mzio si manyoya yenyewe, bali hasa ni protini iitwayo Fel d 1, iliyomo kwenye mate ya paka na mafuta ya ngozi yake. Paka anapojilamba huipaka mwili mzima; mate yakikauka, hupukutika pamoja na chembe za ngozi, na kwa kuwa ni nyepesi mno huelea hewani kwa saa kadhaa na kunata kwenye nguo, mapazia na magodoro. Ndiyo maana mtu huweza kupiga chafya katika chumba ambacho paka hayumo.

Hata hivyo, kabla ya kumhukumu paka, mpelekeni binti akapimwe. Kuna kipimo cha ngozi na kuna cha damu kinachotafuta kingamwili za IgE, yaani zile zinazohusika na mzio. Nasisitiza hili kwa sababu katika mji wa pwani wenye unyevu kama Tanga, dalili za asubuhi zinaweza kutokana na wadudu wadogo wa vumbi wanaoishi ndani ya godoro, au na mabaki ya mende, na mkimfukuza paka mtabaki na ugonjwa uleule. Mwulizeni daktari ni siku ngapi kabla ya kipimo cha ngozi aache vidonge vya mzio kama setirizini, kwa kuwa huficha majibu. Dawa za pumu asiache.

Bi Zuhura (Mombasa):
Mimi nina mzio wa paka uliothibitishwa hospitalini, na ninaishi na paka. Anzeni na chumba anacholala mtoto, kwa sababu huko ndiko anakovuta hewa ileile usiku kucha. Paka asiingie kabisa, hata mchana, na mlango ufungwe. Kisha kiangalieni chandarua: paka hupenda kujikunja juu ya chandarua kilichokusanywa kitandani, na kikishushwa usiku mtoto hulala pua yake ikiwa karibu na wavu ambao paka ameulalia mchana kutwa. Chandarua chenye dawa hakifai kufuliwa mara kwa mara, kwa hiyo kifungeni juu paka asipoweza kukifikia.

Sebuleni, ondoeni zulia mtandike mkeka unaofutika. Ufagio mkavu hurusha vumbi. Ni afadhali kupiga deki binti akiwa nje, na kuyafuta mabawa ya pangaboi kwa kitambaa kibichi, maana vumbi hujikusanya pale ukingoni na kumwagika pangaboi linapowashwa. Binti anawe mikono akishamshika paka, na nguo alizompakatia asilale nazo.

Daktari wa mifugo (Arusha):
Ikiwa ni dume, mhasini, kwa sababu dume asiyehasiwa hutoa protini hiyo kwa wingi zaidi. Kumwogesha hupunguza kwa siku chache tu, kisha hali hurudi. Kumtupa sokoni ni ukatili. Ikilazimu aondoke, atafutiwe nyumba.

Mama Rehema:
Nawashukuru sana. Ni dume na hajahasiwa. Tatizo ni kwamba hulala kitandani kwa mama mkwe, ambaye analala chumba kimoja na binti. Nikimzuia paka, mama ataona ninamnyanyasa. Na nikichukua hatua hizi, nisubiri kwa muda gani?

Mfamasia (Morogoro):
Usilibebe jambo hilo peke yako. Mume wako ndiye azungumze na mama yake, na ingefaa mama mwenyewe aende kliniki pamoja na mjukuu wake, amsikie daktari. Asipokubali kutengana na paka, binti ahamie chumba kingine, na godoro lake livalishwe kifuniko cha zipu.

Kuhusu muda, hata paka akiondolewa, protini hiyo huweza kubaki ndani ya nyumba kwa miezi minne hadi sita, kwa hiyo msikate tamaa baada ya wiki moja. Lisilosubiri ni huo mluzi wa usiku, kwani unaonyesha kwamba pumu haijadhibitiwa. Binti aonwe wiki hii, na akiandikiwa dawa ya kuvuta ya kuzuia pumu, aitumie kila siku hata anapojisikia vizuri. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au mbavu zikiingia ndani anapovuta hewa, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo. Na ikiwa mzio wa paka utathibitishwa, kisha pumu ikaendelea kusumbua licha ya dawa na hatua zote hizi, basi paka ahamie kwa ndugu mnayemwamini, mahali ambapo mama ataweza kwenda kumwona.