Uskoti walirogwa mwaka 1707, au?

Msomaji wa Usiku:
Wakuu, habari zenu. Nasoma historia ya Uskoti na nimekwama. Hawa watu waliwatandika Waingereza pale Bannockburn mwaka 1314, wakabaki na bunge lao kwa karne kadhaa. Halafu mwaka 1707 bunge hilohilo likapiga kura ya kujifuta na kuungana na Uingereza, wala hapakuwa na jeshi lililovamia. Imekuwaje? Na kuna nchi nyingine iliyokwisha kwa mtindo huu?

Mzee wa Ramani:
Hawakurogwa mkuu, mfuko ulitoboka. Tafuta habari za Darien.

Mwaka 1698 meli 5 ziling'oa nanga bandari ya Leith, Uskoti, na watu kama 1,200, kwenda kujenga koloni la Darien kwenye shingo ya nchi kavu ya Panama. Hesabu ilikuwa tamu: bidhaa zivushwe pale kati ya bahari mbili, Waskoti wale ushuru. Matajiri na watu wa kawaida wakaahidi mtaji wa pauni 400,000. Sasa angalia walichopakia: mawigi, vitana, nguo za sufu. Sufu, Panama! Nani angenunua?

Homa na kuhara vikawafyeka. Mfalme William III wa Uingereza, ambaye Uskoti nayo ilikuwa yake, akapiga marufuku makoloni ya Kiingereza kuwapa msaada. William Paterson, mwenye wazo na mmoja wa walioanzisha Benki ya Uingereza, alimzika mkewe kulekule. Msafara wa pili nao ukaishia kusalimu amri kwa Wahispania mwaka 1700.

Ndipo ujiulize kwa nini mkataba wa muungano ulikuwa na pauni 398,085 na shilingi 10 kwa ajili ya Uskoti, na sehemu yake ikaenda kuwalipa wenye hisa wa Darien. Mimi naita kifuta jasho. Kando yake, pauni 20,000 ziligawiwa kimyakimya kwa wakubwa. Wananchi wa Edinburgh na Glasgow walifanya fujo mitaani, lakini kura si zao.

Bibi Karafuu:
Mzee umemaliza. Mimi naongeza Bretagne, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa ya leo, ingawa huko vita vilitangulia: walishindwa na Wafaransa mwaka 1488, mtawala wao akafa wiki chache baadaye, nchi akaachiwa binti wa miaka 11, Anne. Mwaka 1491 akaolewa na mfalme Charles VIII, na mkataba ukasema mume akifa bila mtoto wa kiume, mjane aolewe na mrithi wa kiti. Charles akajigonga kichwa mlangoni kwenye kasri la Amboise mwaka 1498, akafa. Anne akaolewa na Louis XII. Binti yao Claude akaolewa na mfalme aliyefuata, na mwaka 1532 Bretagne ikaunganishwa rasmi na Ufaransa. Mimba na ndoa tu, basi.

Mzee wa Ramani:
Na Ayalandi usiisahau. Bunge la Dublin lilikataa muungano na Uingereza mwaka 1799. Mwaka uliofuata, baada ya vyeo kugawiwa na wakubwa walioshika majimbo ya uchaguzi yaliyofutwa kuahidiwa pauni 15,000 kwa kila jimbo, likakubali. Jengo likauzwa kwa Benki ya Ayalandi.

Msomaji wa Usiku:
Shukrani wakuu. Uskoti walirudishiwa bunge?

Mzee wa Ramani:
Ndiyo, 1999. Uhuru kamili waliupigia kura 2014, hapana ikashinda kwa asilimia 55.