Kijana ana kigugumizi na Januari hii anapata mwalimu mpya. Nikamwambie nini mwalimu?

FundiFeni

Wakuu, heshima kwenu.

Nina kijana wangu wa miaka minane, shule zikifunguliwa anaingia la tatu, shule ya serikali huku Mbagala. Ana kigugumizi tangu alipoanza kuunganisha maneno. Nyumbani hatuna shida naye, anabishana mpira na wajomba zake mpaka tunamfukuza akalale. Kasheshe lipo shuleni. La kwanza na la pili alifundishwa na mama mmoja mtulivu, akamzoea. Sasa tumesikia la tatu wanakabidhiwa kwa mwalimu mwingine, na watoto wa mtaani wameshamtisha kwamba huyo ukichelewa kujibu anakusimamisha mpaka kipindi kiishe. Huenda ni maneno ya watoto tu, ila mwanangu kayaamini. Likizo haijaisha na kila ikitajwa shule anasema tumbo linamuuma.

Nataka nikaonane na mwalimu mapema. Mama yake anasema nisiende, nitafanya mtoto aonekane mgonjwa. Na mimi mwenyewe nikikaa mbele ya mwalimu huwa nageuka mwanafunzi, "ndiyo mwalimu, sawa mwalimu", nikitoka nje ndiyo nakumbuka nilichoendea. Niende lini, niseme nini, mtoto awepo au asiwepo? Na nikienda na kitu mkononi ni vibaya?

Kibopa wa Tandika

Peleka kreti la soda mkuu, mambo yaishe.

Natania. Usibebe kitu. Ukianza na zawadi, siku ukitaka kuuliza jambo gumu ulimi utakuwa mzito.

Mama Wawili Segerea

Mimi naungana na mkeo. Ukisema neno kwenye ofisi ya walimu, hadi jioni mpishi wa uji keshajua. Mtoto anaitwa jina la ajabu mpaka anamaliza shule ya msingi. Mwache kwanza, mwalimu atamjua mwenyewe.

FundiFeni

Hilo ndilo linaloniogopesha, dada. Ila asipojua, si ataona mtoto ana kiburi?

ChakiNaVumbi

Mimi ni mwalimu wa msingi, Temeke, nimekaa sana madarasa ya chini. Mama Wawili, unachosema kipo, siwezi kututetea kwa hilo. Lakini kumwachia mwalimu "atamjua mwenyewe" ni kamari. Mwezi wa kwanza mwalimu ana darasa lenye watoto wanaokaa watatu wanne dawati moja, wengine wamehamia, majina bado anayachanganya. Mtoto aliyenyamaza anapoulizwa, mwalimu ana majibu mawili ya haraka kichwani: hajui, au jeuri. Jibu la tatu halimjii.

Kuna jambo wazazi wengi hawalifahamu. Tangu mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa 2015, watoto wa madarasa ya chini tunawapima kusoma kwa sauti, mmoja mmoja, na mara nyingi mwalimu anatazama saa. Mtoto mwenye kigugumizi anaweza kuwa amelielewa lile fungu lote la habari, akakwama neno la kwanza tu, akaandikwa hawezi kusoma. Ameingia la tatu, kwa hiyo lazima mwalimu mpya atapima alikofikia. Hapo ndipo pa kuwahi.

Siku ya kwanza ya muhula usiende. Kuna foleni ya kuandikisha la kwanza, wazazi wanagombana kuhusu vyeti vya kuzaliwa, hakuna atakayekusikia. Nenda mwishoni mwa wiki hiyo ya kwanza, baada ya vipindi. Anzia kwa mwalimu mkuu, saini kitabu cha wageni, sema unaomba kuonana na mwalimu wa darasa la tatu. Usimvamie mlangoni mwa darasa wakati anafundisha. Na omba mkae pembeni, hata chini ya mti, ili ile ofisi ya watu kumi na mbili isisikie. Mama Wawili, hilo ndilo jibu la wasiwasi wako.

Maneno yasizidi dakika tano. Ningekuwa wewe ningesema hivi: "Mwalimu, mimi ni baba yake fulani. Ana kigugumizi, akili yake nzima, anasoma vizuri. Akikwama, ukimsubiri anamaliza mwenyewe. Akiambiwa aharakishe anakwama zaidi. Naomba ukimpima kusoma umpime mkiwa wawili." Kisha nyamaza, umsikilize na yeye. Muulize angependa mzazi asaidie nini nyumbani. Mwalimu akiulizwa hilo anashangaa, maana tangu michango ya lazima ifutwe Januari 2016 wazazi wengi tunawaona siku ya kuandikisha na siku ya kesi tu.

Hayo yaandike kwenye karatasi ndogo, jina la mtoto juu, namba yako ya simu chini. Ukishikwa na ile "sawa mwalimu" yako, mpe asome. Mimi karatasi kama hizo nazikunja nazibana ndani ya rejista ya mahudhurio, kila asubuhi nikiita majina naiona.

sauti_ya_kati

Umetaja kuita majina, mwalimu, umenigusa penyewe. Mimi ni mtu mzima na kigugumizi ninacho mpaka leo. Shuleni hesabu na sayansi hazikunitesa, nilichokuwa nakiogopa ni rejista. Ukisikia jina lako unatakiwa useme "nipo", na mimi herufi N ilikuwa ukuta. Majina yakianza kusomwa nahesabu wamebaki wangapi, jasho mgongoni. Nikichelewa naandikwa sipo, na mimi nimekaa dawati la mbele! Mwalimu mmoja akaniambia niinue mkono tu. Kuanzia siku hiyo nikaacha kuumwa tumbo asubuhi.

Kwa hiyo FundiFeni, kabla hujaenda kwa mwalimu kaa na kijana, muulize kinachomtisha ni kipi hasa. Unaweza kudhani ni kusoma, kumbe ni rejista, au ni kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Peleka hicho. Mwambie pia kwamba unakwenda na utasema nini, asije akasikia kwa wenzake.

Kingine, kusoma kwa pamoja na kuimba wengi wetu hatukwami. Mwalimu akimwanzisha asome pamoja na jirani yake wa dawati, ataisikia sauti yake halisi.

Nesi_Kigamboni

Naongezea kidogo. Kigugumizi hakiletwi na kutekenywa utotoni wala hakitibiwi kwa kumshtua mtoto. Watoto wengi wanaoanza kukwama wakiwa wadogo huacha wenyewe, ila huyu ana miaka minane, ningempeleka apimwe, na masikio pia yaangaliwe. Anzia Hospitali ya Rufaa ya Temeke, wakiona haja watakupa rufaa ya Muhimbili, idara ya masikio, pua na koo. Wataalamu wa matamshi ni wachache, jiandae kusubiri. Ukipata karatasi ya daktari mpe mwalimu nakala, lakini usisubiri karatasi ndiyo uende shule.

FundiFeni

Nimekaa naye jioni hii. Sauti_ya_kati umepiga penyewe: si kusoma. Anaogopa atachapwa akikwama.

ChakiNaVumbi

Basi hilo liseme wazi, kwa upole, bila kumtuhumu mwalimu ambaye hujamwona bado. "Mwanangu ana hofu ya fimbo akikwama, naomba umtoe hofu." Mwalimu mwenye busara atamwita mtoto pembeni amwambie mwenyewe, na neno la mwalimu kwa mtoto wa la tatu linazidi la baba. Likitokea la kutokea, ujue kwa kanuni kiboko ni cha mwalimu mkuu au cha mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, kwa hiyo hapo unarudi kwa mkuu. Usianze nalo.

Mtoto mlete dakika za mwisho tu, amsalimie mwalimu, basi. Asikae anasikiliza akijadiliwa.

FundiFeni

Shukrani sana wakuu. Swali la mwisho: twende wote wawili au mmoja atoshe? Mama yake keshalainika kidogo baada ya kusoma hapa. Na kuna grupu la WhatsApp la wazazi, nimtafute mwalimu humo?

Mama Wawili Segerea

Kwenye grupu usithubutu kuandika habari za mtoto. Humo chukua namba tu, umpigie.

Na kama ni mmoja, aende yule anayekagua madaftari kila jioni. Mwalimu atauliza mambo ambayo huyo ndiye anayeyajua.

FundiFeni

Basi anakwenda mama yake, mimi nitaandika karatasi.